Hedi ya injini nyengine kwenye bloku yako: 5A, 4A na 7A, pima kwanza ndo ufunge

Swali ni lilelile kila wiki, mara sauti ya WhatsApp kutoka Konde, mara kijana wa Mwanakwerekwe anapiga simu kabisa: "Fundi, gari yangu Carina 7A ilichemsha hedi ikapinda, nimepata hedi ya 5A bei nzuri, itaingia?" Jibu la haraka ni ndio, hedi (kile kichwa cha injini chenye valvu) itaingia kwenye bloku (mwili wa chini wenye silinda na pistoni). Bolti zote kumi zitakaa na kava la juu litafunga, na ukipiga starta pengine itawaka. Na hapo ndo wengi wanapodhani kazi imekwisha, kumbe hedi imeingia tu, haijakaa.

Nimeona niandike mara moja ili nikiulizwa tena nitume hii. Nazungumzia zaidi hizi injini za Toyota za familia ya A (5A, 4A, 7A), maana ndo zimejaa visiwani Zanzibar, Corolla 110, Carina Ti, Spacio za zamani. Njia ya kupima ni ileile kwa injini yoyote ya petroli.

Nianze na kosa langu mwenyewe ili usione nahubiri. Zamani kidogo nilikuwa na Carina ya 7A ya mteja, ilikuwa inafanya safari za shamba. Hedi ilikuwa imeliwa na maji ya chumvi mpaka matundu ya maji yamekuwa kama jino bovu. Muuzaji mmoja akanipa hedi ya 5A na gasketi yake mpya (lile bapa la kuziba baina ya hedi na bloku) ndani ya paketi, akanambia "A ni A tu yakhe, funga." Nikafunga. Siku tatu gari nzuri, siku ya nne inakata silinda moja. Nilipofungua nikakuta ile pete ya chuma ya gasketi imechungulia ndani ya silinda, imeungua nyekundu, kipande kimeshamegeka. Gasketi ya tundu dogo nimeiweka kwenye tundu kubwa! Kazi nikairudia bure na gasketi nikanunua kwa pesa yangu.

Namba za kuzijua kabla ya kushika spana

5A-FE ni cc 1498, tundu la silinda milimita 78.7, pistoni inatembea milimita 77. 4A-FE ni cc 1587, tundu 81, mwendo ule ule 77. 7A-FE ni cc 1762, tundu 81 vilevile lakini mwendo 85.5. Kwa hiyo 4A na 7A tundu lao ni moja, 7A imeongezwa mwendo tu, na ndo maana bloku yake imekwenda juu zaidi. 5A ndo yenye tundu dogo.

Kutoka hapo kuna kanuni moja ambayo ukiishika nusu ya maswali yamekwisha: bloku ndo bwana. Gasketi inafuata bloku, belti ya taiming (inayounganisha krenki ya chini na kemshafti ya juu inayofungua valvu) inafuata bloku, na kontroo boksi (kompyuta ya injini) na nozeli za petroli zinabaki zile za gari yako. Hedi ni mgeni, inabidi ifuate ya mwenyeji. Hata namba ya injini iliyo kwenye kadi ya gari imegongwa kwenye bloku, kwa hiyo kubadili hedi hakukubadilishii namba.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Soketi za kawaida 10, 12, 14, 17 na 19, na soketi ya 10 yenye meno 12 kwa bolti za hedi. Hii ya mwisho usibahatishe na soketi ya meno 6, utakula kichwa cha bolti na utalia.
- Toki renchi, ile spana inayopima nguvu ya kukaza. Kama huna azima, usifunge hedi kwa "mkono umezoea".
- Filla geji (vibati vya kupimia upenyo mwembamba), na rula nyoofu ya chuma.
- Bomba la sindano la ml 20 kutoka duka la dawa, jipya.
- Kava la CD la zamani, ile plastiki ngumu inayoonekana upande wa pili. Litoboe tundu dogo la kuingiza sindano na jengine dogo la kutokea hewa, karibu karibu.
- Mafuta ya taa kidogo, na matone mawili matatu ya oili nyekundu ya gia boksi ya automatiki ili uyaone vizuri.
- Plastisini ya watoto wa skuli.
- Bolti moja ya nyuzi M6, urefu milimita 16 hadi 20. Kazi yake utaiona mbele.
- Gasketi mpya ya hedi ya bloku yako, sili za valvu, oili sili ya kemshafti, belti ya taiming, kulanti, oili na filta.

Belti usiirudishe ya zamani hata kama bado inaonekana nzuri, umeshafungua mpaka hapo unabania kitu gani?

Kazi yenyewe

1. Hakikisha bloku yako ni ipi. Usisome kava la juu, makava yanahama gari hadi gari kama sufuria za shughuli. Futa grisi kwenye bloku usome herufi zilizogongwa pale. Nimeshaona gari imeandikwa 4A juu, bloku ni 5A.

2. Nenda kununua hedi ukiwa na gasketi mkononi. Usiende mikono mitupu. Ilaze hedi ya muuzaji kichwa chini, weka gasketi yako mpya juu yake, ilinganishe na matundu ya bolti halafu tizama moja moja. Matundu ya bolti yote kumi yapo wazi? Tundu la oili la kupandisha juu lipo mahali pake au limezibwa na gasketi? Matundu ya maji yanakutana? Halafu tizama chemba, yaani lile shimo linalokaa valvu, ukingo wake usitoke nje ya pete ya gasketi hata kidogo.

Hapa ndo 5A inapotofautiana na wenziwe. Hedi iliyotoka kwenye tundu la 81 ukiiweka kwenye bloku ya 78.7 kila upande kuna tofauti ya milimita 1.15. Kama chemba imechongwa mpaka ukingoni basi itaning'inia juu ya bloku, moto utapiga pale kila siku mpaka gasketi iungue. Upande wa pili, hedi ya 5A kwenye bloku ya 81, ukingo utabaki ndani, hiyo haina shida kwa gasketi, shida yake ni kompresheni (kiasi hewa inavyobanwa ndani ya silinda) na tunafika huko sasa hivi.

Tizama pia matundu ya hewa na ya moshi ubavuni, linganisha na manifoldi yako. Injini hizi zimetoka kwa miaka mingi na matoleo tofauti, kuna zile za kwanza, kuna za baadae, kuna zile za lini-ban (zinazochoma petroli kidogo kwa hewa nyingi) zilizokuja kwenye Carina na Caldina ambazo njia yake ya hewa sio sawa na za kawaida. Manifoldi ikigoma basi chukua na ya muuzaji, au acha hedi hiyo. Mimi lini-ban naiacha, sensa zake zitakusumbua.

3. Pima chemba za hedi zote mbili, ya zamani na mpya (ya zamani kama bado iko kwenye gari, ifungue kwanza kwa hatua ya 6). Hii ndo hatua ambayo watu wanairuka, nami ndo nimeandika yote haya kwa ajili yake, kwa hiyo soma taratibu.

Hedi iwe kichwa chini, valvu zimo, plagi imefungwa. Paka grisi nyembamba kuzunguka chemba, kandamiza lile kava la CD mpaka grisi ijae pembezoni. Inamisha hedi kidogo sana ili yale matundu mawili yawe upande wa juu. Vuta mafuta ya taa ml 20 kamili, ingiza taratibu. Utaona wekundu unapanda chini ya plastiki na kipovu cha hewa kinakimbilia kwenye tundu. Ukimaliza 20 vuta tena, hesabu, mpaka kipovu cha mwisho kitoke. Jumla ya ml ulizotia ndo cc za chemba ile. Rudia mara tatu chemba moja, ukipata namba tatu zinazopishana zaidi ya nusu cc basi grisi inavuja au mkono umetikisika, anza tena. Kama mafuta yanapungua wenyewe na sindano umeshaiweka chini, tizama kwenye tundu la hewa au la moshi, valvu haifungi vizuri, na hiyo nayo ni habari umeipata bure.

Pima chemba zote nne. Zisipishane sana. Chemba moja ikiwa ndogo kuliko wenziwe ujue kuna mtu alishaiskimu hedi (kuichonga uso wake kwa mashine) kwa upande, imelala.

4. Piga hesabu. Kompresheni ni hivi: chukua cc za silinda moja, jumlisha na nafasi inayobaki juu pistoni ikifika mwisho, halafu gawa kwa hiyo nafasi inayobaki.

7A silinda moja ni 1762 gawa kwa 4, yaani 440.5. Kompresheni yake ya kiwandani 9.5, kwa hiyo nafasi ya juu ni kama cc 51.8 (chemba, gasketi na bonde la pistoni vyote pamoja). Sasa uzuri ni huu, hukulazimika kupima bonde la pistoni wala unene wa gasketi, mana hivyo havijabadilika, pistoni ni zilezile na gasketi ni ya bloku yako. Kilichobadilika ni chemba peke yake. Tuseme hedi mpya chemba yake imekuja ndogo kwa cc 4 kuliko ile ya zamani. Nafasi ya juu sasa ni 47.8. Jumla 488.3 gawa 47.8, jibu 10.2. Hiyo gari itakwenda, tena itakuwa na nguvu kidogo, lakini inataka uangalifu. Ikija ndogo kwa cc 6 inafika 10.6, hapo mimi kwa gari la kazi sifungi.

Kinyume chake: una bloku ya 5A, silinda moja 374.5, kompresheni yake 9.8, nafasi ya juu kama 42.6. Umepata hedi ya injini kubwa, chemba imezidi kwa cc 4, inakuwa 46.6. Hesabu inashuka mpaka 9.0. Haitagonga, haitachemsha, ila itakuwa nzito kama imebeba mchanga, na petroli itakunywa.

Na ukiskimu hedi milimita 0.2 unapunguza kama cc 1 kwenye kila chemba, iweke kwenye hesabu. Ile 10.2 hapo juu ukiiskimu 0.2 inakuwa 10.4. Ukitaka kushusha, gasketi nene kwa milimita 0.3 kwenye tundu la 81 inakurudishia kama cc 1.5. Kuna watu wanapanga gasketi mbili, usifanye, zinateleza na zinavuja oili.

Kama hujui kupiga hesabu mpe kijana wa form two, lakini usinunue hedi kabla ya jibu.

5. Kagua unyoofu na nyufa. Rula juu ya uso wa hedi, urefu, upana na pembe kwa pembe, chomeka filla geji chini yake. Kikomo ni milimita 0.05. Ikipita peleka mashine ikaskimiwe, na sio kusuguliwa kwa msasa juu ya meza. Bloku nayo kikomo ni 0.05, ipime, watu wanalaumu hedi kumbe bloku ndo imepinda.

Halafu tizama nyufa baina ya viti vya valvu. Na kwetu sisi tizama zaidi matundu ya maji, mana hedi ni alminiamu na visima vingi vya pwani vina chumvi, mtu anajaza rejeta ndoo kwa ndoo ya kisimani miaka na miaka. Chokonoa kwa bisibisi. Ikibomoka kama mkate wa jana, rudisha kwa muuzaji. Ikiwa ulaji umefika ilipo pete ya gasketi, hata ichomelewe mimi siichukui.

6. Fungua hedi ya zamani. Injini iwe baridi kabisa, terminali ya betri imetoka, maji umemwaga. Kabla hujagusa kemshafti, funga ile bolti ya M6 kwenye gia ya kemshafti. Kwenye hizi FE belti inazungusha kemshafti moja tu, ya pili inazungushwa kwa gia kutoka kwa mwenziwe, na gia moja imefanywa pacha na ina springi ndani. Ukiitoa bila bolti inafyatuka na kuirudisha ni jasho. Vifuniko vya kemshafti vilegeze kidogo kidogo kwa zamu ili kemshafti ipande sawasawa. Ukilegeza upande mmoja ukamaliza, springi za valvu zinaipinda, na kemshafti ya chuma cha kumimina haipindi, inakatika. Bolti za hedi legeza kuanzia nje kwenda kati, raundi mbili tatu.

7. Andaa hedi mpya. Toa valvu, saga kwa pesti, badilisha sili zote. Usichanganye valvu na viti vyake, zitobolee kadibodi uzipange. Haya mnayajua.

8. Safisha bloku. Gasketi ya zamani itoe kwa kipande cha mbao ngumu au plastiki, sio kwa diski ya graina, ile inachimba mabonde usiyoyaona. Na matundu ya bolti kwenye bloku yakauke kabisa. Hili nalipigia kelele. Tundu likiwa na maji au oili chini, ukikaza bolti ile oili haina pa kwenda, bloku inapasuka au toki inakudanganya, unadhani imekaza kumbe inasukuma oili. Chomeka kitambaa kwa bisibisi, puliza, chomeka tena mpaka kitoke kikavu.

9. Jaribu kwa plastisini. Ukichanganya hedi na bloku tofauti usiamini maneno ya mtu kuwa valvu haigusi. Ni kweli 4A-FE na 7A-FE zinajulikana kwamba belti ikikatika valvu hazigongi pistoni, lakini hiyo ni hedi yake, gasketi yake na hedi haijaskimiwa. Bandika plastisini juu ya pistoni ya kwanza mahali valvu zinaposhukia, paka oili kidogo isinate, weka hedi na gasketi ya zamani, kaza kidogo tu, funga taiming, zungusha krenki kwa mkono mara mbili. Fungua, kata plastisini kwa wembe, pima unene pale palipobonyea. Upande wa hewa isipungue milimita 2, upande wa moshi 2.5.

Nyie mnaotaka kuweka hedi ya 4A-GE kwenye bloku ya 7A, hatua hii ni yenu khasa. Valvu za GE zimelala kwa pembe pana kuliko za FE, na pistoni za FE hazikuchongwa kwa valvu hizo. Belti nayo ni shughuli nyengine. Inafanyika, watu wanafanya, ila sio kazi ya Ijumaa baada ya sala ukategemea Jumamosi asubuhi upakie abiria.

10. Funga hedi. Bolti ziko urefu wa aina mbili, fupi milimita 90 zinakaa upande wa hewa, ndefu 108 upande wa moshi. Zipime zote, ile iliyobana kiuno katikati itupe. Paka oili nyepesi kwenye nyuzi na chini ya kichwa, nyembamba tu, sio kuichovya. Anzia bolti za katikati nenda nje kwa kuzunguka.

Raundi ya kwanza kilo 3, yaani Nm 29, zote kumi. Halafu weka alama ya rangi mbele ya kila kichwa cha bolti, zungusha nyuzi 90 (robo mzunguko) kwa mpangilio uleule. Halafu 90 tena. Mwisho alama zote ziwe zimeangalia nyuma. Usirudie kukaza baadae, hizi hazitaki kukazwa tena gari ikishapata moto.

11. Taiming na kibali cha valvu. Krenki kwenye sifuri, kitundu cha puli ya kemshafti kiangalie alama ya kifuniko. Vaa belti ya bloku yako, mana masafa kutoka krenki hadi kemshafti yanaamuliwa na bloku, na bloku ya 7A ni ndefu. Belti ya 4A haitakutosha hata uivute. Toa ile bolti ya M6 kwenye gia! Kuna mtu Wete aliisahau, akakaa siku nzima anatafuta mlio. Zungusha krenki kwa mkono raundi mbili kamili, alama zirudi palepale.

Kibali cha valvu injini ikiwa baridi: upande wa hewa 0.15 hadi 0.25, upande wa moshi 0.25 hadi 0.35. Umesaga valvu kwa hiyo vibali vimepungua, na hizi zinarekebishwa kwa visahani vidogo juu ya vikombe, kwa hiyo usitupe visahani vya hedi ya zamani, utachagua humo humo.

12. Kuwasha. Oili mpya, kulanti na sio maji ya kisima. Chomoa fyuzi ya EFI, piga starta sekunde kumi kumi mpaka taa ya oili izime. Rudisha fyuzi, washa, acha mfuniko wa rejeta wazi na hita wazi mpaka hewa itoke yote na feni iingie. Kisha taiming ya distribyuta, unganisha pini za TE1 na E1 kwenye kile kiboksi cha kupimia, weka nyuzi 10 kabla ya pistoni kufika juu. Kompresheni yako kama imepanda kuzidi 10, mimi narudisha nyuma nyuzi 2 halafu naipandisha kilima kusikiliza.

Ikisumbua

*Inagonga ikipanda kilima.* Sauti kama misumari kwenye kopo, ukiachia mafuta inakoma. Kompresheni imezidi au taiming iko mbele. Rudisha distribyuta kidogo kidogo. Ikiendelea, hesabu yako ya hatua ya 4 haikuwa sawa au hukuipiga. Usiiendeshe hivyo, pistoni itatoboka. Pemba utaigundua siku ya kwanza kwa vilima vyetu, Unguja barabara ya Paje unaweza kukaa wiki hujajua.

*Povu linatoka kwenye rejeta, mipira ya maji migumu asubuhi gari baridi.* Moto unaingia kwenye maji. Gasketi imekaa vibaya, uso haukuwa sawa, au tundu la bolti lilikuwa na oili. Fungua, hakuna dawa ya chupa.

*Moshi wa buluu ukiachia mafuta.* Sili za valvu, umeweka za zamani au umezichana wakati wa kuvalisha.

*Tik-tik juu ambayo haipotei ikipata moto.* Kibali kikubwa, pima tena. Ikiwa ni kelele ya kukwaruza mbele, rudi kwenye bolti ya M6.

*Taa ya oili inachelewa kuzima, juu pakavu.* Fungua kava uangalie, kama kemshafti haipati oili tundu la kupandishia halikukutana. Zima papo hapo. Kwa wale wa Honda wanaoweka hedi ya B16 yenye VTEC (mfumo wa kubadili ufunguaji wa valvu kwa shinikizo la oili) kwenye bloku ya B18 isiyo na VTEC ndo linawakuta hili, bloku ile haina njia ya oili ya VTEC, lazima uivutie bomba kutoka nje.

*Nzito, haina nguvu chini.* Kwanza taiming, jino moja la belti linatosha kuiua. Kisha pima kompresheni kwa geji, plagi zote nje, mafuta umekanyaga mpaka chini. Isipungue PSI 142, na silinda kwa silinda isipishane zaidi ya 14. Zote zikiwa sawa lakini ziko chini, basi ni ile hedi ya injini kubwa kwenye bloku ndogo, utachagua mwenyewe, uiskimu kama nyama ipo au uendeshe hivyohivyo.

Wa Vitz na Probox mnaouliza hedi ya 2NZ kwenye bloku ya 1NZ: matundu ya silinda yote ni 75, gasketi haitakusumbua, lakini ile ni cheni na taiming ikipishana valvu inakutana na pistoni, kwa hiyo plastisini sio hiari. Na hesabu ni hiyohiyo, 374 kwa silinda ya 1NZ, 325 kwa 2NZ, zote mbili kompresheni 10.5, yaani umeshaanzia juu. Pima cc za chemba zote mbili unitumie namba hizo, ukinitumia picha ya hedi peke yake sitakujibu.